Miguu Yake, Kalamu Yangu

Mwezi wa pili mwaka huu nilishuka kwenye basi stendi ya Bunda, begi mgongoni, na ndani ya begi mswada wa riwaya yangu ambao tayari umekataliwa mara mbili. Kabla sijakanyaga chini vizuri, vijana wa bodaboda walishanizunguka. "Kaka, Balili? Kaka, Nyasura? Panda hapa kaka, bei ya asubuhi!" Mmoja wao hakuniita kaka. Alisimama pembeni, mguu mmoja juu ya pikipiki, akaniita, "Mwandishi."

Jina hilo hakuna anayeniita siku hizi. Ni jina la shule. Nikageuka, nikamtambua kwa kile kifundo cha mguu kilichovimba upande mmoja kabla hata sijamtazama usoni.

Humu nitamwita Winga, maana ndiyo namba aliyocheza. Jina lake halisi ni mali yake.

Tulisalimiana, tukacheka, tukaulizana habari za wazazi. Nikamwambia anipeleke nyumbani. Akasema, "Nitakupeleka, tena bure. Ila kwanza nisomee hii." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho. Ulikuwa mkataba wa pikipiki.

Ndugu msomaji, kabla sijakuambia karatasi ile ilisema nini, inabidi nikurudishe nyuma, hadi mwaka 2013, tulipokuwa darasa la saba.

*

Wewe uliyesoma shule ya msingi ya serikali unaijua michezo ya UMITASHUMTA. Mnaanza shuleni kwenu, mnakwenda kata, halafu wilaya, halafu mkoa, na wenye bahati wanakwenda taifa. Kwetu sisi watoto ilikuwa ni safari, wali, na jezi ya kuazima. Lakini kuna watu walioitazama michezo ile kwa jicho lingine. Walikuwa wanakaa chini ya mwarobaini, pembeni ya uwanja, wamevaa fulana za kola na kofia, kila mmoja na daftari dogo. Tulidhani ni waandishi wa habari. Kumbe ni walimu wa michezo wa shule binafsi za bweni. Wamekuja mnadani.

Siku ile Winga alicheza peku. Mpira aliupokea karibu na mstari wa kati, akawaacha wawili, akamzunguka kipa, akausukuma ndani kwa kisigino. Kwa kisigino, bwana! Mwalimu mmoja chini ya mwarobaini alisimama na daftari likamdondoka. Kabla jua halijazama, yule mwalimu alikuwa nyumbani kwa kina Winga kule Guta, amekaa kwenye kigoda, anazungumza na mama yake. Ada, bure. Sare, bure. Hata godoro shule itatoa.

Mimi mpira sikuujua. Siku ya kufunga mashindano nilighani shairi langu mwenyewe mbele ya mgeni rasmi, kuhusu ziwa na wavuvi, vina vikigongana kama mitumbwi. Watu wakapiga makofi. Yule yule mwalimu akaniuliza alama zangu, akasema, "Na huyu naye tunaweza kumchukua. Tunahitaji watu wa mdahalo." Kwangu alisema nusu ada. Mshairi hana bei ya winga. Baba aliuza mtamba mmoja, nami nikapata tranka la bati lenye maua mekundu.

Usaili tulifanya pamoja, shuleni huko, pembeni kidogo ya Musoma. Karatasi tatu: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili. Nilimwona Winga kwa jicho la pembeni. Aliandika jina lake, akachora mstari chini ya jina, akalaza kalamu, akatazama dirishani. Majina yalipobandikwa, la kwake lilikuwa la tatu kutoka juu.

Msichana mmoja wa darasani kwetu naye alifanya usaili ule. Alama zake zilinizidi mimi kwa mbali, na hakuna aliyebisha. Lakini hakukimbia, hakughani, wala hakucheza netiboli, na baba yake hakuwa na mtamba wa kuuza. Alikwenda shule ya kata. Siku hizo ada ya kutwa serikalini ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000, mpaka ilipofutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Alikuwa akitembea asubuhi na jioni, viatu mkononi ili visiishe. Wakati ule sikumfikiria hata dakika moja. Nilikuwa nahesabu maua ya tranka.

*

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtoto asichukuliwe kwa kipaji cha miguu. Mimi mwenyewe nilichukuliwa kwa kipaji cha mdomo.

Utaratibu wa serikali unajulikana. Mtihani wa darasa la saba unasahihishwa, alama zinapangwa, na wale wa juu kabisa wanakwenda shule zinazoitwa za vipaji maalum: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Kilakala, Msalato. Wengine wanakwenda shule za ufundi kama ile ya Musoma, wengine bweni za kawaida, na umati uliobaki unakwenda kutwa. Vipaji maalum! Lakini ukimpeleka hapo mtoto anayeruka juu kuliko mlango wa nyumba yao, au anayechonga mtumbwi kwa panga, watakuuliza alama zake tu. Kipaji kinachotambuliwa hapo ni kimoja, cha kujibu maswali. Kwa hiyo shule nyingine ikija ikasema, "Sisi tunaona na miguu pia," hilo si jambo baya.

Tena mifano ipo. Miaka ya 1990 na 2000 shule ya jeshi ya Makongo, Dar es Salaam, chini ya Kanali Idd Kipingu, iliwakusanya vijana wenye vipaji vya michezo kutoka mikoani na ikawa inatisha kwenye mashindano. Hapa jirani zetu Mwanza kuna Alliance, shule na kituo cha soka pamoja, ambayo timu yake ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, mwaka ule ule Biashara United yetu ya Musoma ilipopanda. Ng'ambo ya mpaka, pale Iten, mtawa kutoka Ireland aitwaye Colm O'Connell alifika kufundisha St. Patrick's mwaka 1976, na kutoka shule ile akatoka Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mtu hawezi kusema miguu na daftari havikai chumba kimoja.

Swali langu ni jingine: mtoto akishachukuliwa kwa sababu ya miguu, ni nani anayehangaika na kichwa chake?

*

Kwetu aliyehangaika na kichwa cha Winga nilikuwa mimi. Nami nilikihangaikia vibaya.

Msomaji unajua kinachompata mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili siku anapoingia kidato cha kwanza. Jana ulisoma Sayansi, leo ni Biology. Jana ulijua, leo hujui, na mwalimu haamini kwamba uliwahi kujua. Sisi wengine tulihangaika mpaka tukazoea. Winga hakupata muda wa kuhangaika. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, Jumamosi mechi ya kirafiki. Ikifika msimu wa UMISSETA ndiyo usiseme: kambi ya shule, kambi ya wilaya, kambi ya mkoa, wiki baada ya wiki. Alirudi darasani na jezi mpya na daftari tupu.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe alikisoma kwa kuvuta, neno moja moja kama mtu anayevuta nyavu. Hilo walimu walilijua na mimi nililijua. Darasa la saba alikuwa amemaliza, na cheti alikuwa nacho.

Jioni moja mwalimu wa michezo aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hili lieleweke. Alitupenda, na mshahara wake ulichelewa kama wa wenzake. Akaniambia, "Mwandishi, msaidie mwenzako. Ana mechi Jumatano na zoezi la Historia halijakamilika. Likikosekana, mwalimu wa taaluma atamzuia."

Nikamsaidia. Yaani nikaliandika lote.

Basi ikawa kazi. Historia, Uraia, Jiografia, mpaka Kiingereza. Malipo yangu yalikuwa nusu mkate kila Jumamosi na kuondolewa zamu ya kuchota maji ziwani. Na nitakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: niliipenda kazi ile. Nilijifunza mwandiko wake, ile "g" yake yenye mkia mrefu. Nilijifunza kukosea kama anavyokosea yeye. Nilikuwa nakaa bwenini usiku, tochi mdomoni, najiuliza: Winga angesemaje hapa? Angekosea wapi? Mtu akiniuliza leo nilianza lini kuandika hadithi, jibu la kweli ni hilo. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa mwanafunzi hodari aliyeitwa kwa jina la rafiki yangu, na walimu walimwamini mpaka wakampa alama 61 za Uraia.

Mwenyewe alikuwa amelala kitanda cha juu, amechoka, miguu imeninginia nje.

Mara moja tu aliwahi kuniambia, "Mwandishi, nifundishe basi." Ilikuwa Jumapili mchana. Tukakaa na kitabu karibu saa nzima, akavuta sentensi tatu. Nikaona tunachelewa. Nikamwambia, "Lete, nitamaliza mwenyewe, wewe kapumzike." Akaenda. Hakuniomba tena.

*

Kidato cha pili walitupeleka Butiama, Mwitongo, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Tulikwenda kwa basi la shule, tukapita Makutano, tukiimba. Pale mmoja wa wenyeji alitusimulia kisa ambacho watu wa kwetu wanakisimulia mara kwa mara.

Inasimuliwa kwamba Nyerere mdogo hakupelekwa shule mapema. Alichunga mbuzi kama watoto wengine wa Kizanaki. Lakini alikuwa hodari wa bao, na Mtemi Makongoro wa Ikizu, upande wetu huu wa Bunda, alikuwa rafiki wa baba yake, Mtemi Burito. Akamwona mtoto yule anavyocheza na wakubwa, anavyohesabu kete kichwani, akamwambia rafiki yake: mtoto huyu mpeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Nyerere akaanza Mwisenge, shule ya bweni ya Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Mwaka 1937 akawa Tabora. Yaliyofuata hata mtoto wa chekechea anayajua.

Winga alinigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Unaona? Hata Mwalimu alisajiliwa kwa mchezo." Tukacheka mpaka mwalimu akatukemea.

Kicheko kile nimekirudia sana kichwani. Winga alikuwa amesema kweli, ila nusu. Mtemi Makongoro aliona mchezo, akaona nyuma ya mchezo kuna akili, akasema akili hiyo ipelekwe darasani. Hakusema, "Nipe huyu mtoto awe ananichezea bao dhidi ya watemi wenzangu." Bao lilikuwa mlango wa kumpeleka mtoto ndani. Sisi Winga tulimfungulia mlango, halafu tukamwacha asimame barazani miaka miwili akilinda kikombe chetu.

*

Mwaka 2015, kwenye mashindano ya mkoa, beki mmoja wa timu pinzani alimkanyaga Winga kifundo. Beki yule alikuwa na ndevu. Nasi hatukuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu kipa wetu alikuwa mamluki, mtu mzima mwenye mke na mtoto Nyasho, anacheza kwa jina la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kila shule ilikuwa na wake. Marefa walijua, wakatabasamu.

Kifundo kilifungwa kwa bandeji na kuchuliwa kwa mafuta ya samaki. Winga alichechemea mwezi mzima. Mwezi wa kumi na moja ukaja mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Pale kila mtu ana namba yake na dawati lake, na msimamizi anatoka shule nyingine. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nikageuka mara moja. Nilimwona ameandika namba yake, amechora mstari chini, amelaza kalamu, anatazama dirishani.

Matokeo yakatoka. Mwanafunzi aliyefeli mtihani ule alitakiwa kurudia kidato. Wengine wawili waliofeli walirudia, kwani wazazi wao walikuwa wanalipa. Winga aliambiwa kwamba ule ufadhili ulikuwa wa mwanamichezo, na daktari amesema mguu unahitaji kupumzika mwaka, hivyo mwaka huo alipe ada kamili. Hakuna aliyemfukuza. Waliandika barua nzuri tu, yenye mhuri.

Mama yake alikuja kutoka Guta kwa basi, na mfuko wa dagaa kwa ajili ya walimu. Alipofika bwenini kuchukua godoro akakuta godoro ni la shule. Tukambebea ndoo. Getini alinishika mikono miwili, akasema, "Asante mwanangu. Amenieleza jinsi ulivyokuwa unamsaidia kwenye masomo. Mungu akulipe."

Nikamjibu, "Asante mama. Shikamoo." Nilishamwamkia asubuhi. Sikuwa na neno jingine.

*

Sasa turudi kwenye karatasi.

Mkataba ulikuwa mfupi, ukurasa mmoja. Winga apeleke shilingi 10,000 kila siku kwa miezi kumi na minne, kisha pikipiki iwe yake. Hiyo aliijua kwa moyo. Mwezi wa kumi na moja alikuwa ameshaumaliza. Lakini alishikwa na malaria, akalala siku nne bila kupeleka hesabu, na mwenye pikipiki akamwambia, "Kasome mkataba wako."

Kifungu cha sita kilisema: dereva akikosa marejesho siku tatu mfululizo, chombo kitarudi kwa mwenye mali, na fedha zote zilizokwisha kulipwa zitahesabiwa kuwa ni kodi ya matumizi.

Nilisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili nikasoma kwa sauti, taratibu. Zaidi ya milioni tatu, msomaji, ziligeuka kodi pale chini ya mti huku muuza mahindi akitupigia kelele tununue.

"Lakini hapa umeweka saini," nikasema.

"Niliambiwa niweke."

"Hukumpa mtu akusomee?"

Akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Si nilizoea kusomewa," akasema. "Nilijua mtu akiniandikia, ameandika vizuri."

Nikatoa kalamu na daftari begini haraka haraka. Nikamwambia, "Tulia. Naandika barua sasa hivi kwa mwenye pikipiki, tunaeleza ulikuwa mgonjwa, tunaambatanisha cheti cha zahanati, tunaomba siku nne zisogezwe mbele. Naijua lugha ya barua hizi." Na kweli naijua. Sentensi ya kwanza ilishaanza kuja, tamu, yenye heshima zote.

Winga akaweka mkono juu ya daftari. "Safari hii niandike mimi. Wewe nitajie herufi."

Tulianza saa tano asubuhi. Abiria walikuja, akawaambia wachukue mwingine. Neno "malaria" alilijua. Neno "marejesho" lilituchukua muda, tukalikata vipande. Aliandika, akafuta, akaandika, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto. Mara tatu mkono wangu ulikwenda wenyewe kutaka kuchukua kalamu, na mara tatu niliurudisha. Alipofika mwisho adhana ya mchana ilishapita. Barua ilikuwa na mistari mitano. Ile "g" yake bado ina mkia mrefu.

Mwenye pikipiki aliisoma dukani kwake, akiwa amesimama. Akauliza, "Nani kaandika?" Winga akasema, "Mimi." Mzee akacheka kidogo kwa namna herufi zilivyopanda na kushuka, halafu akaikunja, akaitia kwenye droo ya pesa. Akasema siku nne zilipwe kabla ya mwezi kwisha, kifungu cha sita kitabaki pale pale. Hadi ninapoandika haya mwezi haujaisha, na siku mbili amekwisha kuzilipa.

Yule msichana wa darasani kwetu ni muuguzi sasa, katika zahanati ile ile iliyompa Winga cheti cha ugonjwa. Nilipokwenda kukichukua alinitambua, akaniuliza kama bado naghani mashairi. Nilisema naandika riwaya. Akasema vizuri, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Jioni Winga alinipeleka nyumbani kama alivyoahidi. Njiani alipunguza mwendo karibu na kiwanja kile cha mwarobaini. Kulikuwa na watoto wanacheza peku, vumbi limetimka, na pembeni mtu mzima mmoja mwenye kofia amekaa na daftari lake.

"Mwandishi," akaniuliza bila kugeuka, "barua ile, 'marejesho' ni 'r' moja au mbili?"

"Moja."

"Niliweka moja," akasema, akaongeza mafuta.